Lini umtoe farasi kwenye mbio za masafa marefu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa wale wanaopanda na kutunza farasi hapa Unguja: wanaokwenda safari ndefu za pwani upande wa Paje, Bwejuu na Jambiani, walioko Nungwi na Kendwa, na vijana wetu wanaotamani siku moja kushindana Oman au Falme za Kiarabu, ambako mchezo huu una wapenzi wengi. Maswali ni mengi, lakini karibu yote yanauliza jambo moja: nitajuaje kwamba leo basi? Msimamo wangu nautanguliza mapema. Ukishaanza kujiuliza kwa dhati kama farasi aendelee au asiendelee, mshushe mpandaji. Kwa joto letu na unyevunyevu wetu, aghalabu saa yenyewe imeshapita kidogo.

Mbio za masafa marefu ni zipi hasa?

Ni mashindano ya farasi na mpandaji kwenda mwendo mrefu, mara nyingi kilomita 40 mpaka 160, kwa vipande. Kila kipande kikimalizika farasi hukaguliwa na daktari wa mifugo, na asiyefaa haendelei. Mashindano ya Tevis Cup ya California, yaliyoanza mwaka 1955, ni ya kilomita 160 ndani ya saa 24 kwenye milima. Kwa mashindano ya kimataifa msimamizi ni FEI, shirikisho la dunia la michezo ya farasi.

Farasi hutoka kwa njia mbili: daktari amzuie, au mpandaji aamue mwenyewe. Ukurasa huu unahusu zaidi njia ya pili, maana ndiyo iliyo mikononi mwetu. Pwani ya Paje hakuna daktari anayekungoja kwenye kituo.

Daktari akishampitisha, kuna haja gani tena ya kumtoa?

Ipo, na kubwa. Daktari humwona farasi kwa dakika chache. Wewe umekuwa mgongoni mwake saa tatu. Wewe ndiye unayejua kwamba tangu kilomita ya ishirini amekuwa akijikwaa mguu uleule, kwamba masikio yaliyokuwa yakichezacheza sasa yamelala, kwamba jana ulikuwa ukimzuia kwa hatamu na leo unamsukuma kwa miguu. Hayo hayaandikwi kwenye karatasi ya daktari.

Halafu kiwango cha kanuni ni ukomo, si shabaha. FEI inataka mapigo ya moyo yashuke mpaka 64 kwa dakika ndani ya muda uliowekwa baada ya kuingia kituoni. Farasi anayefika 64 dakika ya mwisho amepita, lakini hakupita sawa na aliyefika 52 akiwa bado anavuliwa tandiko. Huko Bouthib, Abu Dhabi, waliweka masharti makali zaidi, mapigo 56 na kasi isiyozidi kilomita 20 kwa saa, kwa ajili ya kuwalinda farasi wasikimbizwe kupita uwezo wao. Mimi ningependa sote tujipimie kwa 56 hiyo.

Vipimo vya farasi mzima aliyepumzika ni vipi?

Moyo hupiga kama mara 28 mpaka 44 kwa dakika, pumzi 8 mpaka 16, na joto la mwili ni kama nyuzi 37.5 mpaka 38.5. Lakini mjue farasi wako mwenyewe. Mpime asubuhi kabla hajala, siku kadhaa mfululizo, uandike. Mwingine kawaida yake ni 32, na akikuonyesha 44 asubuhi ya safari, safari hiyo ivunje pale pale bandani.

Mapigo nayapimaje bila vifaa vingi?

Stetoskopu ya kawaida inatosha. Iweke nyuma ya kiwiko cha mguu wa mbele wa kushoto, pale mshipi wa tandiko unapopita. Utasikia "du-dup", hilo ni pigo moja, si mawili, na hapa ndipo vijana wengi wanapokosea wakaja mbio wakisema moyo umefika mia. Hesabu kwa sekunde 15, zidisha mara nne. Ukiwa huna stetoskopu, bonyeza kwa vidole mshipa unaopita chini ya taya, si kwa kidole gumba, maana nacho kina mapigo yake.

Ni namba gani ikifika nimtoe?

Usitazame namba moja, tazama mwendo wa namba. Farasi mwenye afya akisimama kivulini akamwagiwa maji, mapigo hushuka haraka, na yakishashuka hubaki huko.

Tuseme una farasi jike wa kijivu, mmetoka Paje alfajiri, mmesimama Jambiani chini ya minazi. Dakika ya tano ana 68. Dakika ya kumi ana 60, unapumua. Dakika ya kumi na tano ana 66. Hakuna mbwa aliyebweka, hakuna pikipiki iliyopita, hakuna farasi mwenzake aliyeondoka. Unamtazama: jasho limekauka kwenye shingo na kuacha ukoko mweupe wa chumvi, anatazama majani uliyomwekea lakini hayagusi, mguu mmoja wa nyuma kaupumzisha na hataki kuubadilisha. Unambonyeza ufizi juu ya meno, panabaki peupe zaidi ya sekunde mbili ndipo wekundu urudi. Hakuna hata moja kati ya hayo ambalo peke yake lingemsimamisha. Yakikutana, huyo farasi amemaliza safari yake hapo hapo Jambiani, hata kama zilizobaki ni kilomita nne tu.

Kuna kipimo kizuri ambacho madaktari wa mbio hizi hukitumia na wewe unakiweza. Pima mapigo farasi akiwa ametulia. Kisha mwendeshe kwa mkono, mwendo wa matiti (mbio ndogondogo), mita kama 38 kwenda na 38 kurudi. Ikitimia dakika moja tangu alipoanza kwenda, pima tena. Mapigo yakiwa yaleyale au pungufu, vizuri. Yakiwa yamezidi kwa zaidi ya manne, mwili una shida ambayo haijajitokeza: maumivu, ukavu wa maji au uchovu wa ndani. Kipimo hiki nakiamini kuliko macho yangu.

Kwa nini unasema sisi wa visiwani tumtoe mapema kuliko wengine?

Kwa sababu ya jasho. Farasi anapokimbia, kama robo tatu ya nguvu anayoichoma hugeuka joto, na njia yake kubwa ya kulitoa ni jasho linalokauka mwilini. Neno ni kukauka. Jasho linalotiririka na kudondoka mchangani halikumpoza. Pwani yetu, hasa wakati wa Kaskazi kuanzia Desemba hadi Machi, hewa imeshiba maji, jasho halipati pa kwenda. Farasi anazidi kutoka jasho, lita 10 mpaka 15 kwa saa katika hali ngumu, na bado anawaka moto ndani.

Jasho hilo hubeba chumvi nyingi. Sisi tukitoka jasho, chumvi ya damu huongezeka kwa kiasi, tukasikia kiu. Farasi hupoteza maji na chumvi kwa pamoja, damu yake haipati ishara hiyo, basi anaweza kuwa amekauka na ndoo iko mbele yake asiitake. Anayesema "hana kiu, ameshiba maji" anamsoma farasi kinyume.

Sababu ya pili ni kwamba msaada uko mbali. Farasi wa Ulaya akipatwa na msokoto wa tumbo hukimbizwa hospitali ya farasi akapasuliwa usiku huohuo. Hapa kisiwani usiuhesabu upasuaji wa tumbo la farasi kuwa sehemu ya mpango wako. Kwa hiyo ile nafasi ya usalama ambayo wenzetu wanaipata hospitalini, sisi hatuna budi tuitafute njiani, kwa kusimama mapema. Safari ndefu zipangwe Kipupwe, Juni mpaka Agosti, na hata wakati huo jua lisikukute umbali mkubwa kutoka bandani.

Anakunywa lakini hali. Je, au anakula lakini hanywi?

Yote mawili ni ya kusimama na kutazama. Farasi wa masafa marefu anayefaa ni mlafi. Akifika kituoni hunyang'anya majani. Asiyekula kabisa kwa dakika ishirini, mwekee sikio ubavuni, juu na chini, kushoto na kulia. Tumbo la farasi halinyamazi, linanguruma na kukoroma muda wote. Kimya upande mmoja, ngoja. Kimya pande zote, mtoe na mpigie simu bwana mifugo sasa hivi, usingoje agaegae.

Na usimpe chumvi za madini farasi ambaye hanywi. Zitavuta maji ya mwili kuyaleta tumboni na kumkausha zaidi.

Anachechemea kidogo tu, tena kwenye mchanga mgumu haonekani. Niendelee polepole?

Hapana. Hili sina nafasi ya kulijadili.

Ila nieleze linatoka wapi, kwa sababu pwani yetu ina mitego yake. Maji yakipwa, mchanga uliolowa ni mgumu na mzuri kwa miguu. Yakijaa, kinachobaki ni ule mchanga mkavu wa juu, laini, unaozama. Kano za nyuma ya mguu wa mbele huvutika kila hatua, na farasi aliyechoka ndiye anayezikata. Huku Paje, Bwejuu na Jambiani kuna mashamba ya mwani, na kwenye mashamba kuna vijiti na kamba, hutaviona vikiwa chini ya maji ya magotini. Mbali ya hapo kuna mawe ya matumbawe yanayochoma chini ya ukwato. Mshushe mpandaji, inua kila mguu, toa jiwe kama lipo, pitisha kiganja kwenye kano ukilinganisha mguu na mwenzake. Palipo na moto au uvimbe, safari imekwisha. Ukitoa jiwe akatembea sawasawa kabisa kwa mwendo wa matiti kwenda na kurudi, unaweza kumrudisha nyumbani, lakini kwa kumwongoza, si kwa kumpanda.

Ni dalili zipi ambazo si za kufikiria, ni za kusimama papo hapo?

Ubavu unaoruka kama kwikwi, ukienda pamoja na kila pigo la moyo. Hiyo ni ishara kwamba madini ya damu yamevurugika, hasa kalisi (kalsiamu).

Misuli ya nyuma iliyokakamaa ikawa migumu kama ubao, farasi hataki hata hatua, na mkojo wake, ukiuona, ni rangi ya kahawa. Huyu usimtembeze hata mita kumi, hata kumrudisha bandani. Kila hatua huivunja misuli na uchafu wake huziba figo. Gari limfuate alipo.

Kujitazama tumbo, kupiga tumbo kwa mguu, kutaka kulala.

Joto la nyuzi 40 ambalo halishuki baada ya kumwagiwa maji, na likikaribia 41 ni hatari ya kifo. Hali kadhalika farasi aliyeacha kutoka jasho huku bado ni moto, na anayeyumba au kutazama bila kukuona.

Nikimpiga sindano ya maumivu akaendelea?

Maumivu ndiyo yanayomzuia asiumalize mguu wake. Ukiyazima, atakimbia juu ya kano iliyochanika. Dawa kama fenilbutazoni ni marufuku kwa farasi aliye mashindanoni chini ya FEI, na kwenye farasi aliyekauka maji huweza kuharibu figo na tumbo. Sindano ni ya bandani, baada ya daktari kumwona.

Wazee walisema punda afe mzigo ufike. Kutoa farasi si udhaifu?

Methali hiyo nimeisikia ikitumiwa kwenye banda la farasi, na inaniuma. Mzigo wa nani huo? Kwenye safari ya pwani hakuna mgonjwa anayengoja dawa wala chakula kinachoharibika. Kuna mtu anayetaka kufika.

Sisi ni watu wa dini. Mtume (S.A.W.) alimpita ngamia ambaye tumbo lake limegandana na mgongo kwa njaa, akawaambia watu wamche Mwenyezi Mungu kuhusu wanyama hawa wasiosema, wawapande wakiwa wazima. Sijui maneno gani mengine yanahitajika juu ya hayo.

Na ukitaka ushahidi wa wanamichezo: Tevis Cup huanza na farasi waliofanyiwa mazoezi miaka kwa miaka, na mara nyingi karibu nusu yao hawamalizi. Wanatolewa, wanapumzika, wengi wanarudi mwaka unaofuata. Wamarekani kwenye kumbukumbu zao za mbio wana alama maalumu ya mpandaji aliyeamua mwenyewe kusimama ingawa daktari hakumzuia. Mtu akitazama rekodi yako akaiona alama hiyo, anakuona una jicho.

Farasi ni wa ami yangu, mimi namtunza tu. Nitamwambiaje mkubwa kwamba asimpande tena?

Hili ndilo swali gumu kuliko yote hapa, kwa sababu mtunzaji ndiye anayejua na mwenye mali ndiye anayeamua, na kwetu mdogo hamkatizi mkubwa mbele za watu.

Zungumza naye kabla ya safari. Usiku wa kuamkia, mkiwa mmekaa barazani na kahawa, mwambie: "Shikamoo ami. Kesho naomba tukubaliane mapema. Kijivu akipita 64 baada ya robo saa, au akikataa majani, mimi nivue tandiko na usinigombeze." Karibu kila mtu mzima atakubali, kwa kuwa usiku ule hakuna anayemtazama na hana cha kupoteza. Kesho yake hubishani naye, unamkumbusha ahadi yake: "Ami, yamefika 68. Ni lile tulilosema jana."

Usiseme "farasi amechoka". Hilo ni rai, na rai ya mdogo hupuuzwa. Sema namba. Mpe stetoskopu asikilize mwenyewe. Na likikataa kabisa, vua tandiko kwa adabu, omba radhi baadaye. Ghadhabu ya ami hupoa.

Mgeni amelipia saa tatu na zimepita mbili tu.

Mrudishie sehemu ya pesa zake au mpe siku nyingine, na mweleze kwa uwazi kwa nini. Wageni wengi wanaopenda farasi watakushukuru. Wapo wanaokuja makusudi kutazama kama wanyama wanatunzwa. Asiyetaka kuelewa, bora umpoteze. Na tafadhali, mshahara wa kijana usikatwe kwa safari aliyoisimamisha kwa ajili ya farasi. Ukimkata mara moja, hatasimamisha tena, na utakuja kulijua hilo siku ya kuzika.

Nimefunga Ramadhani. Je, hali yangu mimi mpandaji nayo ni sababu?

Ni sababu kamili. Mpandaji aliyechoka hukaa kama gunia, huegemea upande mmoja na kuvuta hatamu ili asianguke, na mgongo wa farasi ndio unaolipa. Mwezi wa Ramadhani panda kwa muda mfupi, baada ya futari au alfajiri mara tu baada ya daku. Safari ndefu ziache mpaka baada ya Idi.

Nimemtoa, lakini tuko mbali na maji yanajaa.

Ndiyo maana jedwali la maji hutazamwa kabla ya kutia lijamu. Kati ya maji kupwa na kujaa ni kama saa sita, na siku za bamvua bahari yetu hupanda karibu mita nne, ikaufuta ufukwe mgumu wote. Toka na maji yanayopwa, urudi kabla hayajageuka sana.

Likishakufika, usikimbizane na bahari. Panda juu kwenye njia ya kijijini, legeza mshipi, mwongoze kwa miguu mpaka kwenye kivuli, halafu piga simu ije kenta. Namba ya dereva wa kenta inayobeba ng'ombe iwe kwenye simu yako kabla hujaondoka, na ujue mapema ni wapi barabarani gari linaweza kusimama kwenye tuta ili farasi apande bila kuruka.

Nimpoze vipi?

Maji, mengi, mwili mzima, bila kusita. Kile kisemwacho kwamba maji baridi humkakamaza farasi mwenye joto hakina msingi. Kinachomuua ni joto. Maji ya kisima ni bora. Kama kilichopo ni bahari, mwingize mpaka tumboni, asinywe, na baadaye msuuze kwa maji baridi ya kisima. Mweke panapopita upepo. Maji ya kunywa mpe akitaka, na akitaka tena mpe.

Farasi wangu hutolewa kila mara, mazoezi yapo na chakula kipo.

Basi tatizo huenda haliko njiani. Tazama minyoo, meno, tandiko linalobana mabega, na kupe, maana kupe huleta homa inayoila damu. Unguja ilitangazwa kuwa haina mbung'o mwaka 1997, baada ya kazi kubwa ya kuwaachia madume waliohasiwa kwa mionzi, kwa hiyo ndorobo, yaani homa inayoletwa na mbung'o, si mashaka yetu ya kila siku. Lakini kama farasi ameletwa kutoka bara, aweza kuja nayo mwilini. Apimwe damu.

Haya yanafaa kwa punda pia?

Kwa sehemu kubwa, ila namba si zilezile: punda aliyepumzika moyo wake ni kama 36 mpaka 52, na joto lake ni la chini kidogo kuliko la farasi. Punda huficha maumivu vizuri zaidi. Ukimwona ameinamisha kichwa tu, shida imekomaa.

Baada ya kumtoa, lini apandwe tena?

Saa chache za mwanzo ndizo za kumtazama zaidi, kwa kuwa farasi aliyetolewa kwa uchovu huweza kuzidiwa bandani saa moja au mbili baadaye, watu wakiwa wameshakwenda kula. Kijana mmoja abaki naye. Ajue amekojoa rangi gani, amekunya, amekula kiasi gani. Kesho yake shika kwato zote nne: zikiwa na moto na mshipa wa juu yake unapiga kwa nguvu, ita daktari. Kanuni za FEI huweka siku za lazima za kupumzika, na aliyetolewa kwa sababu ya kiafya huongezewa. Sisi ambao hatuna wa kutulazimisha, tumpe wiki mbili za malishoni na matembezi ya kuongozwa, kisha apimwe mapigo asubuhi. Yakiwa yamerudi kwenye ile namba uliyoiandika tangu mwanzo, na ameenda matiti pande zote bila kuchechemea, mtie tandiko, uanze na nusu saa.